Nyuzi Nne

Simama, Bi Mwanashee, nikuone kwa nyuma.
Usijinyooshe kwa ajili yangu.
Simama unavyosimama juu ya sufuria ya pilau
saa kumi usiku, kwenye harusi ya watu.

Hapo.
Kisigino cha kulia kimekwenda nje
kama mgeni anayetaka kuaga na hajaruhusiwa.
Tao limelala. Kifundo kimeinamia ndani,
goti limekifuata kifundo, nyonga imelifuata goti,
na mgongo, ulio mbali na ugomvi wote huo,
ndio unaolipa deni.

Sasa inua kisigino. Mguu mmoja. Shika ukuta.
Anajaribu mara tatu.
Mara ya nne anacheka:
"Mwanangu, huo ushakataa safari."

Nikaulowesha wayo, nikaukanyagisha
kwenye karatasi ya kahawia ya kufungia sukari:
alama nzima, pana, bila ghuba pembeni,
kisiwa kilichozibwa bandari.

Nikaandika nilivyofundishwa.
Kabari ya nyuzi nne, upande wa ndani wa kisigino.
Tao, milimita kumi na sita.
Kiatu cha kufunga, chenye kamba.
Plasta ya mguu wake ikapanda basi kwenda Mombasa,
na baada ya wiki tano soli zikarudi,
nyepesi, za samawati, nzuri hata kuzitazama.

Miezi miwili baadaye bado zilikuwa nzuri kuzitazama.
Hazina jasho, hazina kovu la kidole.
Nikauliza, kwa ule ukali wetu wa koti jeupe,
mbona hukuvaa?

"Nimevaa. Ndiani."
Akaanza kuhesabu kwa vidole:
kwangu navua, kwa mwenye harusi navua,
ukumbini navua, jikoni navua,
kwenye msala je, nisivue?
"Zatu zangu zina raha kunishinda.
Hukaa mwangoni kutwa."

Nilipima kila pembe ya mguu ule.
Siku yake sikuipima.

Jumatatu alirudi na kitu ndani ya leso:
mitalawanda ya marehemu mama yake,
mmoja umepasuka, msuruaki umelegea.
Nikaipindua dirishani.
Ubao wa kulia umelika kisigino, upande wa ndani tu,
taratibu, kama ngazi ya msikiti.
Nikaweka kipimapembe.
Nne, na kidogo.
Miaka arubaini mti ulikuwa ukiandika faili
na hapana daktari aliyeifungua.

Basi pale penye neno "maabara" nikakata mstari,
nikaandika: Shekuwe Bunu, mchonga milango, Mkomani.

Mzee akaisoma karatasi, akairudia.
"Nyuzi nne ndiyo kiasi gani?"
Nikatoa kiberiti.
Njiti mbili, moja juu ya nyenziwe,
chini ya ukingo mmoja wa kisigino.
"Aa," akasema, "mlango ukikataa kufunga
nasi twaweka hivyo hivyo."

Akachonga mti mwepesi, ukainuka penye tao,
ukashuka penye mpira wa wayo.
Juu koki, juu ya koki ngozi ya mbuzi.
Msuruaki tuliuacha:
kidole gumba chake kimegoma kukunjika,
hakina haja ya kubishana na kijiti.
Tukapitisha ukanda mpana.
Mitalawanda ya ndani, isiyojua vumbi,
hutembea naye kapuni pamoja na upawa wake.

Siku hizi nikipita nyuma ya Langoni kukiwa na shughuli
siangalii, nasikiliza.
Ta, ta. Ta, ta.
Wa kulia bado unachelewa kidogo
kama mtu anayetafuta neno.

Faili linasema:
maumivu yalikuwa saba, sasa matatu.
Asubuhi, hatua za kwanza, bado.
Ubao utaanza kulika, na utalika palepale.
Aje baada ya Mfungo Sita,
aje na mitalawanda yote,
ya mama pia.