Nyuki Hawazimwi kwa Swichi

Oktoba hii imeisahau Tabora jikoni.
Mabati ya Isevya yalikuwa yanalia ta, ta,
mfano wa bisi chunguni,
nami nimelala kifudifudi juu ya kenchi,
kitambaa puani, tochi kwenye paji,
nameza vumbi la miaka thelathini.

Chini yangu ofisi ya akiba na mikopo ya wakulima wa tumbaku:
meza tano, kasiki moja,
feni inayozungusha joto lile lile,
na Bi Sundi, mhasibu, anauliza kwa mara ya nne
kama saa kumi tutakuwa tumemaliza.
Kiyoyozi kimelala ndani ya boksi
kama bwana harusi asiyejua nyumba ina ufa.

Kilo thelathini na mbili, Ndaturu.
Usiniambie kitakaa.
Kila kitu hukaa siku ya kwanza.
Silingibodi ni uso tu, haina bega;
paka akiruka vibaya anashuka nayo
hadi kwenye daftari la marejesho.
Sisi tunatafuta mfupa.
Gonga, sikiliza:
mninga mzima unajibu mkavu, ngo;
ulioliwa na mchwa
unajibu kama mtu anayedaiwa.

Nikagonga wa kwanza. Ngo.
Wa pili. Ngo.
Wa tatu ukajibu baada ya kufikiri,
nikautia ncha ya bisibisi,
ikazama hadi kwenye mpini.

Hapo ndipo nilipousikia mvumo.

Mwembamba, haukati pumzi,
kutoka pembe ya giza juu ya kasiki.
"Nyuki hao," akasema Mihambo, mlinzi, toka chini,
"wapo tangu mwaka juzi, hawana neno na mtu.
Mwezi huu nilitaka nirine."
Na kwetu huku nani atabisha?
Mtoto wa hapa huujua mzinga kabla ya ubao wa shule.
Mimi mwenyewe, binti wa mrina asali wa Sikonge,
mkono ulikwisha kunyooka
kulisogeza tambara lililowafunika.

Nyuki hunukia nta.
Pale palinukia plastiki iliyoungua.

Nakiri: nilipanda na umeme unawaka.
Bi Sundi aliomba amalizie hesabu zake,
nami, wa kuchungulia tu, nikamwachia.
Wa kuchungulia tu!
Nusu ya mafundi waliozikwa
walikuwa wanachungulia tu.

"Ndaturu, zima meni swichi."
"Jamani, kompyuta yangu!"
"Zima."

Feni ikachoka, pole pole.
Na nyuki wote, kwa pamoja,
wakanyamaza.

Hakuna aliyecheka.
Nilikaa na mkono wangu
nikiuangalia kama wa mtu mwingine.

Testa mara moja. Testa mara ya pili.
Kisha nikafunua:
choki ya taa iliyoondolewa zamani,
imeachwa inanguruma peke yake,
na kiungo cha waya, uchi vidole viwili,
kimevishwa mfuko wa rambo
na fundi aliyekuwa na haraka
ya saa kumi yake.

Saa kumi yetu ilipofika
boksi lilikuwa bado halijafunguliwa.
Fyuzi iko mfukoni mwangu,
na kwenye meni swichi linaning'inia jalada la faili,
kalamu nyekundu, mwandiko wa Bi Sundi mwenyewe:
MTU YUKO JUU. USIGUSE.
Kesho mbao mpya, na nondo nne za kuning'inizia
zenye nati mbili mbili;
kesho kutwa pima-maji, na bomba lenye mteremko
ili matone yaende nje, yasiende kwenye kasiki.
Bi Sundi anajipepea kwa leja, hasemi.

Mihambo peke yake bado anatazama dari,
shingo nyuma, kofia mkononi.
"Kwa hiyo," anauliza, "asali haipo?"

Haipo, Mihambo.
Shika ngazi, nishuke.