Sauti Nne

Kimefika juu ya mkokoteni wa saruji,
kimefungwa leso, kinanda kifupi
kisichozidi mkono wangu.
Lali anakitaka kwa harusi ya Ijumaa.
Shufaa anakitaka kwa sababu kina taa.
Mmoja vidole vimeota sugu, mwingine hajui do wala re;
kinanda hakiwaulizi.

Kiwasheni, kisha mngoje. Robo saa.
Huu ni umeme mtupu, si hesabu za kompyuta,
lazima upate joto ndipo useme kweli,
na unyevu wa Langoni huupotosha nusu noti.
Vifundo nimevisafisha mara mbili mwezi huu:
chumvi.
Hapa hata kuta hutokwa jasho.

Lali azungusha kichujio taratibu,
sauti ikawa ya mtu aliyejifunika shuka.
"Hii," asema, "hii ndiyo."
Hakuongeza neno.

Zamu ya Shufaa. Moja, mbili, tatu, nne.
Chumba kikajaa hadi darini.
Akaongeza ya tano,
na ile ya kwanza ikanyamaza.

"Nimekiharibu, baba?"
Hapana. Kina sauti nne basi.
Akiingia mgeni, mmoja huinuka.

Nikajishughulisha na waya.
Tulikuwa wanne nyumba hii.
Usiku uliozaliwa,
bibi yako chumba cha pili
alikuwa angali anauliza:
wa kike, au wa kiume?
Tulipokwenda kumjibu…

Ishikilie hiyo ya tano, mwanangu.
Usiiachie upesi.