Jino la Gego

Wameniletea jino katika bahasha ya kaki,
nambari kumi na saba, wino umelowa.
Kilima kilipoporomoka Kadutu usiku ule
kilizikunja bati kama karatasi za maandazi;
watu waliobaki vipande, twawasoma kwa herufi nne.

Mzee Cirhuza alikuja Jumanne, kofia mkononi.
Nikampangusa shavu kwa pamba ya kijiti.
"Basi ni hii tu?" akacheka. "Nilidhani mtanitoboa."
Akanisimulia mwanawe, fundi wa redio,
mwenye mwanya kama wake. Akanionyesha wake.
Mama wa kijana yuko kaburini, mwaka wa nne sasa;
badala yake kaja dada yake, Nabintu.
Hakusema neno. Alifungua kinywa
kama anayepokea komunyo.

Nikalisaga jino: unga mweupe, mwepesi,
ungedhani wa muhogo, wa soko la Nyawera.
Umeme ukakatika mara mbili.
Jenereta ikakohoa uani, mashine ikaanza upya.

Alfajiri mistari ikajipanga kwenye kioo.
Kwa Nabintu: ndiyo.
Uzi ule ambao mama pekee humwachia mtoto
haukukatika hata fundo moja.
Kwa mzee: hapana.
Nikarudia. Hapana.
Nikabadili dawa, labda ilichacha kwa joto.
Hapana.

Walionena kitanda hakizai haramu
hawakuwa na mashine hii.
Au walikuwa nayo, wakaizima.

Fomu yetu ina nafasi ya jina, nafasi ya uthibitisho,
na sahihi yangu. Haina mstari wa kuuliza
nani alimbeba mgongoni kupanda ngazi za matope
malaria ilipompanda kichwani,
nani aliuza mbuzi anunue koleo ya kwanza ya kuunganishia nyaya.
Sheria ya labo: jibu ulichoulizwa.
Nikaandika: *Mugisho. Amethibitishwa kwa upande wa mama.*
Hakuna uongo hapo. Nimeisoma mara saba, hakuna.

Mzee akaipitia karatasi kwa kidole, polepole.
Nabintu akanitazama mara moja,
kisha akageukia dirisha, ziwani.
Nikawakabidhi kilichosalia, nusu ya gego.
Akaliinua kwenye mwanga.
"Niliwaambia," akasema. "Jino langu lile."

Bahasha akaitia ndani ya kofia,
kofia akaivaa.