Kutia Chumvi

Kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa.
Si kuguna, si kucheka, si kutikisa kichwa:
masikio tu, na vidole.
Mwaka wa kumi na tisa huu, kiti hikihiki,
chini ya saa inayochelewa dakika nne,
Bunge la jimbo, St. John's, chumba cha kamati,
na nje theluji imefika magotini.

Leo wameitwa watu wa Wizara ya Barabara.
Hesabu za mwaka jana. Kifungu cha saba: chumvi.

Chumvi ile ya kumwagwa njiani usiku
barafu ilainike, gari lisiteleze.
Zililipiwa tani elfu kumi na mbili.
Zilizofika barabarani, elfu saba.

Mheshimiwa Dorcas Blundon anavaa miwani, anaivua,
anaivaa tena. Alifundisha hesabu kwao Twillingate
na bado huuliza hivyo, kama anayetaka
kuona njia, si jibu tupu.
"Bwana Keough, elfu tano zimekwenda wapi?"

Katibu Mkuu anakunywa maji.
Anasema upotevu wa kawaida. Anasema unyevu.
Anasema mchakato wa kuoanisha takwimu unaendelea.
Naandika: mchakato wa kuoanisha takwimu unaendelea.
Vidole havina imani wala kejeli.

"Ghala lina paa?"
"Lina paa, Mheshimiwa."
"Tangu lini?"
Akageuka kumtazama msaidizi wake,
msaidizi akaitazama karatasi,
karatasi haikuwa na wa kumtazama.

Paa lililipiwa mara mbili, yasema ripoti ya Mkaguzi,
ukurasa wa themanini na moja, tanbihi, herufi za sisimizi:
Mei, kisha Oktoba, kwa stakabadhi ileile
yenye doa lilelile la kahawa pembeni.
Na picha ipo. Mheshimiwa anaiinua:
nguzo nne, mbingu,
na kilima cheupe kinachotiririkia mtaroni
kama mgeni anayeondoka karamuni bila kuaga.
Kweli mvua ya mwaka ule ilikula chumvi nyingi
kuliko kikongwe yeyote wa jimbo hili.

"Mheshimiwa," anasema Keough, na sasa anatabasamu,
"naomba tusitie chumvi."

Kimya.
Kimya hakina alama kwenye mashine yangu.

Ndipo kikalia kiti cha nyuma, safu ya wageni.
Mwanamke mwenye koti ambalo hajalivua tangu asubuhi.
Bride Hynes; nilisoma jina kwenye daftari la mlangoni.
Hakupaza sauti. Alisema kama anayejibu
swali aliloulizwa na mtu wa nyumbani:

"Mimi niliitia. Ya jikoni.
Gari la wagonjwa lilikuwa chini ya kilima, linateleza,
Leander yuko sakafuni anashika kifua.
Nikamwaga pakiti yote. Nikarudi ndani,
nikamwaga na ile ya kwenye kichupa cha mezani.
Haikufika hata kwenye kona."

Mwenyekiti akagonga meza, kwa upole, nakiri.
Mgeni haruhusiwi kusema. Mgeni akakaa.
Wizara ikapewa siku sitini kuleta maelezo,
wakahamia kifungu cha nane: magari, matairi, vilainishi.

Kanuni naijua kwa moyo.
Neno la asiye mjumbe halinukuliwi;
huandikwa: kelele kutoka kwa wageni.
Nimeandika hivyo mara ngapi? Wachimba migodi,
wauguzi, mzee mmoja aliyeimba.
Kelele, kelele, kelele.

Saa moja jioni, jengo limebaki na mimi na mfagizi.
Nimerudi ukurasa wa arobaini na mbili.
Nimefuta neno moja
na kuweka hamsini na mawili mahali pake,
pamoja na kichupa.

Kesho mhariri atayakata kwa wino mwekundu.
Ayakate. Lakini kwanza itambidi ayasome.

Nimevaa buti. Nje barabara inang'aa,
na sijaona gari la chumvi likipita.