Picha ya Arobaini na Moja

Isyonje, mwezi wa sita. Viazi vimeshang'olewa,
na baridi inapita chini ya mlango
kama mtu anayedai.
Nimeketi na kompyuta magotini, blanketi begani,
nahukumu nyota.

Picha tisini za usiku wa jana, dakika mbili mbili,
na kazi yangu ni kutupa.

Shemeji yangu Ambakisye anachungulia:
"Hii nzuri, nyota zake kubwa."
Namwambia kubwa ndiyo mbaya.
Nyota, kwa umbali ule, ni ncha ya sindano, basi.
Unene wote unaouona ni wa kwetu:
hewa iliyotetema juu ya Rungwe,
umande kwenye kioo,
skrubu niliyoizidisha unywele mmoja,
bomba la chuma lililosinyaa saa nane
mimi nikiwa jikoni natafuta chai.

Anacheka. Yeye anataka andazi,
mimi nataka punje ya ulezi.

Wala haipimwi miguuni,
mwanga unakomwagika ukakosa mpaka.
Unapanda hadi nusu ya kimo chake,
unapima kiunoni, kama fundi cherehani.
(Hilo nilifundishwa na mwalimu Anyosisye, wa fizikia.)
Vitone vitatu, baki.
Vinne, baki, ila nanung'unika.
Sita, nenda.
Ile ya Kilimia niliyoijaribu alfajiri, chini mno,
imevimba kama macho ya aliyelia. Nenda.

Kisha arobaini na moja.
Vitone kumi na viwili, na si unene tu:
kila nyota ina mkia, yote upande mmoja,
hata zile ndogo tusizozijua kwa jina,
kama ngano iliyopigwa upepo mara moja tu.

Natazama muda. Saa tisa na dakika saba.

Ni lori la viazi, likishuka Uyole.
Ardhi ilitikisika, na miguu mitatu ya darubini nayo,
na juu ya magunia kulikuwa na godoro, meza,
sanduku la vitabu,
na Anyosisye mwenyewe na barua yake ya uhamisho, Masasi.
Tulikwisha kuagana jioni.
Sikutoka barabarani;
niliogopa taa za lori zisiniharibie macho.

Angekuwepo angesema tupa,
bila kupepesa.

Zimebaki sabini na moja. Nazipanga, nazijumlisha.
Arobaini na moja haimo kwenye hesabu.
Kidole kiko juu ya kitufe tangu chai ipoe.
Ambakisye ameshakwenda kulala.