Jivu la Kuni Gani

Julai Nairobi haina jua, ina mwanga tu,
mwanga kama maziwa yaliyotiwa maji,
na mama yangu, Mkamburi, ameletwa kutoka Wundanyi
na mtoto wa jicho, kulia na kushoto.
Mapacha, anasema. Uzeeni nimejifungua mapacha.

Tunakaa ghorofa ya tatu, Kangemi, upande wa bondeni.
Nimemwekea kiti roshani,
blanketi magotini, chupa ya chai mkono wa kulia
asije akaimwaga akiitafuta.
Mimi naanika nguo. Zitakauka siku ya tatu,
Mungu akipenda.

Wa kwanza kumtambua ndege ni yeye,
si mimi mwenye macho.
"Nani anavunja vijiti?"
Hakuna mtu, mama.
"Sikiliza."

Tak.

Kimya.

Tak.

Nikatazama. Mwisho wa waya, baada ya soksi zangu,
kitu cha kijivu, ukubwa wa ngumi ya mtoto,
kimekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa dirishani.
Kikaondoka. Usingesema kimeruka:
kiliuacha waya, kikaurudia palepale,
na kati ya kuacha na kurudi
mbu mmoja wa Kangemi akakoma kuwako.

"Ana rangi gani?"
Kijivu.
"Jivu la kuni gani?"
Sikuwa na jibu. Nikasema kama bati la zamani,
na jicho lake limezungushiwa duara jeupe,
utadhani mtu kamchora kwa chaki
akamwambia asipepese hadi ikauke.
Mama akacheka mpaka chai ikamwagika.
"Basi huyo ni mgonjwa mwenzangu."

Nilitaka kumpa jina. Nilimuuliza Otwoma, mlinzi wa lango,
aliyekulia kando ya msitu huko Kakamega;
akasema kwao jina lipo,
ila hapa mjini limemponyoka.
Kamusi ikasema: ndege mdogo alaye wadudu.
Ni sawa na kumwita mama yangu
mwanamke mfupi alaye viazi.

"Huyu ni wa juu," mama akasema, "wa kwenye ukungu.
Nilikuwa nikiokota kuni namsikia,
yeye au binamu yake.
Amefuata nini huku chini?"
Labda baridi imewafungia wadudu mabawa huko mlimani,
nikasema. Labda ameambiwa mjini kuna taa.
Maana giza likiingia, ndege wengine wakishalala,
huyu huendelea na zamu yake
chini ya taa ya ngazi, kumbikumbi kwa nondo,
na mama, shingo upande, huhesabu.

Jumatano: arobaini na moja.
"Na wewe mwenye macho umeona wangapi?"
Watatu, mama.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza.
Bandeji ilipotoka alinitazama mimi,
akanitazama kichwani, penye mvi,
akanyamaza kwa muda.
Kisha akauliza kiti chake kiko wapi.

Jioni hiyo waya ulikuwa umejaa: shuka mbili,
suruali, sare ya kazi.
"Ondoa hilo shuka."
Bado bichi, mama.
"Nimesema ondoa."

Tukangoja. Wa juu wakakaanga vitunguu,
redio ya jirani ikasoma vifo.
Akaja akakaa palepale, baada ya soksi,
mgongo kwetu, kama mwenye nyumba.

Mama akafumba jicho lililobaki na mtoto wake,
akamtazama kwa hili jipya.
Tak.
Akamtazama tena.

"Umenidanganya," akasema. "Si bati.
Ni jivu la mkaratusi, lile la alfajiri,
kabla hujalizoa,
ukitia mkono chini bado lina moto."

Kisha, bila kunigeukia:
"Kesho usianike."

Wiki nzima nilikwenda kazini na soksi mbichi.