Orodha ya Jumamosi

Nyuma ya risiti ya maji nimeandika:
kuondoka saa kumi na mbili unusu, kabla jua halijaiparamia Menengai.
Chupa mbili za chai, moja bila sukari, ya Mama.
Petroli ya elfu mbili. Kiprugut anatuazima Probox yake
kwa sharti tusiibebeshe kuni wala mbuzi.
Bahati, halafu msitu, halafu ule mteremko wa Subukia
ambako breki hunuka kabla bonde halijaonekana.
Kwenye kibao cha ikweta, picha:
Mmbone anakuja kutoka Kisumu
na Mmbone hajawahi kupita kibao akakinyamazia.

Kisha mji wenyewe. Naandika "mji", kalamu inasita.
Duka la dawa za ng'ombe, kanisa, hoteli ya mandazi,
na juu kilimani bomba la moshi lisilo na moshi.
Hapo walichemsha majani ya jerania
mpaka harufu ikakubali kutoka,
shamba zima kwa kidebe kimoja cha mafuta,
na kidebe kikashuka kwa mkokoteni, kwa treni, kwa meli,
kwenda kupakwa nyuma ya masikio ya watu
wasiojua Subukia huandikwaje.

Mama aliyakata majani hayo miaka kumi na minne.
Jioni alinukia kabla hajafika;
tulijua muda uliobaki wa kuficha sufuria chafu.
Jumamosi usiku alijisugua kwa majivu na jiwe,
maana kanisani waliokaa nyuma yake walinong'ona:
Rasoa ananukia kama mke wa bwana shamba.
Baba hakusema kitu. Baba alifungua dirisha.

Basi nilidhani namwandalia kumbukumbu.
Saa nne: kutembea polepole kwenye matuta.
Saa tano: kukaa (kiti cha plastiki, kofia).
Saa sita: kuku, kabla ya mvua ya saa nane.
Jana nikamsomea yote akichambua mrenda.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa bei.

"Kiwandani tunaingia saa ngapi?"

Kiwandani hakuna kitu, Mama,
mitambo iliuzwa chuma chakavu.

"Sikukuuliza kuna nini."

Kidole chake, kile kilichokatwa ncha na mundu,
kikachora mezani kwa maji ya mboga:
hapa mizani, hapa karani, hapa mlango.
"Mizigo tuliitua hapa. Miaka kumi na minne, hapa.
Ndani waliingia wanaume watatu na paka.
Mpaka leo sijui mafuta yale yalikuwa ya rangi gani."
Akarudi kwenye mrenda wake.

Asubuhi nimempigia mlinzi, Mzee Lagat.
Mlango upo? Akacheka, simu ikakwaruza.
Mlango upo, tena una kufuli, ufunguo ninao mimi.
Kuta ndizo zilizolala, mwaka ule wa mvua nyingi.
Mbuzi huingia popote wanapopenda.

Nimefuta kuku.
Nimefuta picha za ikweta, Mmbone ataninunia.
Nimeongeza: mafuta ya cherehani, ya kulainisha kufuli.
Nimeongeza: gauni lake la zambarau lipigwe pasi Ijumaa.
Habari za kuta sijamwambia, na sitamwambia.
Saa tatu kamili Mzee Lagat atafungua,
na hata kama kulia na kushoto pana nafasi ya kupitisha lori,
sisi tutapanga foleni,
Mama mbele,
tupite mlangoni.